Fundi, kabla ya kuulizia viza ya Ujerumani, soma cheti chako

Tangu Septemba 13, 2024, mkataba wa uhamiaji wa kazi kati ya Kenya na Ujerumani ulipotiwa saini mjini Berlin mbele ya Rais Ruto na Olaf Scholz, Chansela wa Ujerumani wa wakati huo, mafundi wananijia na swali moja: zile nafasi laki mbili na nusu zinaombwa wapi? Hazipo. Idadi hiyo ilivuma kwenye vyombo vya habari, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikaikanusha. Kinachomhusu fundi ni sheria ya Ujerumani ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi, iliyoanza kutumika Machi 2020 na kulegezwa kwa awamu kuanzia Novemba 2023 hadi Juni 2024.

Fundi akinijia, kitu cha kwanza ninachoomba ni cheti, kisha namuuliza alikisomea kwa muda gani. Karibu milango yote inadai mafunzo rasmi yasiyopungua miaka miwili. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Gredi ya NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, ni mtihani. Mtu aliyejifunza kazi jua kali anaweza kupanda kutoka gredi ya tatu hadi ya kwanza na kumpita mwenye diploma kwa ustadi, lakini gredi peke yake haithibitishi kwamba alisoma miaka miwili. Inaniuma kulisema, ila ni heri alisikie kwangu kabla hajalipa mtu.

Mwenye diploma au cheti cha miaka miwili aombe kwanza utambuzi, yaani Ujerumani ikubali kwamba cheti chake ni sawa na cha kwao. Maombi ya kazi za viwandani hupelekwa IHK FOSA, ofisi ya kutambua vyeti vya kigeni iliyoko Nuremberg, kwa ada ya kati ya euro 100 na 600. Fundi bomba au fundi umeme wa majumba huomba kwa chemba ya mafundi, Handwerkskammer. Huko wanalinganisha masomo yako na ya kwao, na kwao fundi umeme wa majumba husomea miaka mitatu na nusu. Kwa hiyo usishangae jibu likisema umetimiza sehemu tu. Huko si kukataliwa! Barua hiyo hutaja kilichopungua, na ipo viza ya kwenda kukikamilisha. Uzoefu nao unahesabiwa, mradi uwe umeandikwa. Barua ya mwajiri inayosema "alikuwa mwaminifu na mchapakazi" haisaidii. Iseme ulifunga bodi za umeme za aina gani, ulipima nini, kwa vifaa gani, kuanzia lini hadi lini.

Tangu Machi 2024 unaweza pia kwenda kwanza na kuomba utambuzi ukiwa huko, ukiwa na mkataba wa kazi, Kijerumani cha kiwango cha A2 (cha msingi) na mwajiri aliyekubali kwa maandishi kushirikiana nawe katika jambo hilo. Mlango huu ndio ninaoupenda kwa mafundi wetu, kwa sababu unalipwa huku pengo likizibwa. Upo mwingine usiodai utambuzi kabisa: mafunzo yaleyale ya miaka miwili, uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, na mshahara ambao mwaka 2025 uliwekwa kuanzia euro 43,470 kwa mwaka, isipokuwa mwajiri awe analipa kwa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi. Si kila karakana ndogo itakubali kumlipa mgeni kiasi hicho.

Kadi ya fursa, Chancenkarte, inakupa mwaka mmoja wa kutafuta kazi ukiwa hukohuko. Lakini mwaka 2025 ilidai uonyeshe euro 1,091 za kila mwezi, karibu shilingi milioni mbili kwa mwaka. Usiuze shamba kwa ajili ya kadi hii.

Kijana wa jua kali mwenye cheti cha sekondari, KCSE, namshauri aombe mafunzo ya ufundi ya Kijerumani, Ausbildung. Ni kuanza upya, na kwa kawaida anahitaji Kijerumani cha B1, kiwango cha juu ya A2, lakini analipwa tangu mwezi wa kwanza na cheti atakachotoka nacho hakihitaji kutambuliwa na yeyote.

Kuhusu maajenti: angalia kama wamesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Ada ya viza yenyewe ni euro 75. Na ukishapata mkataba, mwombe mwajiri afungue utaratibu wa haraka wa viza kwenye idara ya wageni ya kwao. Ada yake ni euro 411, na ni yeye anayeuanzisha, kwa idhini yako ya maandishi.