Kilwa ilikuwa na wenyewe

Jumanne, ndani ya daladala ya Kihesa, kijana aliyekaa pembeni yangu aliposikia nimewahi kuchimba Kilwa akauliza: "Shikamoo mzee. Kilwa si waliijenga Waarabu?" Nimeulizwa hivyo Iringa hii mara nyingi mno. Safari hii nilipitiliza kituo changu nikimjibu, na bado sikumaliza.

Kwanza, Kilwa ziko tatu. Masoko ni makao ya wilaya. Kivinje ni ile ya misafara ya utumwa kutoka Ziwa Nyasa, karne ya 19. Mimi nasema Kisiwani, ng'ambo ya Masoko kwa mashua.

Ukichimba Kisiwani hadi chini kabisa hukuti mawe. Unakuta udongo wa kukandika wenye alama za fito, mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyusha chuma), na vigae vya vyungu vilivyochorwa pembetatu kwa ncha kali. Tabaka hizo ni za karne ya 9 hivi. Vigae vya jamii hiyo vimeenea pwani yote, hata bara, Dakawa kule Morogoro, kwa hiyo ni kazi ya wenyeji. Msikiti Mkuu wa mawe ulianza karne ya 11, tena mdogo.

Hapo ndipo hutajiwa Ali bin al-Hasan wa Shirazi, anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa Kilwa. Jamani, Shirazi iko Uajemi, si Uarabuni! Na hadithi yenyewe inasema alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Alikinunua kwa nani? Kwa mtawala aliyemkuta. Hadithi wanayoitumia kuwafuta wenyeji ndiyo inayowataja wenyeji, na hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu watu huisimulia mpaka mwisho bila kulisikia.

Tazama na kuta. Tumbawe hukatwa baharini likiwa bichi, laini, linachongeka kwa tezo, kisha huachwa likauke ligande. Matumbawe mengine huchomwa juu ya magogo yatoe chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana usiofika mita 3: mti ndio uliopima chumba. Nimetia mkono kwenye matundu ya boriti hizo. Huo ni ujuzi wa mtu anayeijua bahari ile na mikoko ile.

Wageni walikuwepo, sifichi. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2023 umeonyesha kwamba kwa wengi waliozikwa miji ya pwani, upande wa baba una damu nyingi ya Uajemi, na upande wa mama ni Waafrika karibu wote. Al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba la Husuni Kubwa karne ya 14, ukoo wake ulihusishwa na Yemeni. Lakini ukoo wa sultani si mji.

Kuna linalonisumbua. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika 1331 akausifu mji kwa uzuri, ila akaandika kuwa nyumba ni za mbao na paa za matete. Masimulizi mengi hubakiza sifa na kuruka mbao. Nadhani alieleza mitaa ya watu wa kawaida, lakini msikiti wa mawe aliuachaje? Husuni Ndogo nayo, gofu lililo jirani na Husuni Kubwa, ngome au soko, wachimbaji hatujakubaliana hadi leo.

Kijana wa Kihesa, picha ya kigae cha pembetatu ninayo kwenye simu. Tukionana tena, anza kuniomba hiyo.