Hapana, jiwe la Isimani halijaungua na volkano ya Rungwe

Nimetoka Iringa juzi na kijiwe mfukoni, kijani iliyokolea na vidoa vyekundu kama punje za komamanga, kizito ukikishika utadhani kina chuma ndani. Nikakiweka mezani kijiweni kwetu hapa Mbeya, jibu likawa moja: "hilo limeungua kwenye volkano". Mmoja akaongeza kwamba vyekundu ni rubi nitafute dalali. Si rubi jamani, ni ganeti, tena zimejaa nyufa, dalali atakucheka.

Hilo la volkano ndo kosa kubwa kwetu watu wa huku, kwa sababu Rungwe na Ngozi tunaziona kila siku basi kila jiwe tunawabebesha wao. Volkano za Rungwe ni za juzi tu, miaka milioni chache, na pale Kiejo lava imetoka karibu miaka 200 iliyopita. Hicho kijiwe kinaitwa eklojaiti, kinatoka Isimani njia ya Dodoma (sio Isimila yenye nguzo za udongo na mawe ya kale, watu wanachanganya kila siku) na kimegeuka (yaani joto na presha ya chini ya ardhi vilikibadilisha kuwa jiwe la aina nyingine) karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Halafu lava ikipanda inachoma kile ilichokigusa pembeni tu, haiwezi kugeuza mkanda mzima wa miamba kilomita mamia.

La pili, eti jiwe likigeuka maana yake limeyeyuka likaganda upya. Sasa nenda kwenye tanuru la matofali, yapo kila kona huku. Udongo unaingia, moto unawaka siku kadhaa, tofali linatoka jekundu na gumu, lakini alama ya kidole cha aliyelifyatua bado ipo palepale! Halijayeyuka likawa uji, vilivyobadilika ni vitu vya ndani, maji yametoka na chembe mpya zimeota. Miamba geu, yaani iliyogeuzwa na joto na presha, iko hivyohivyo, inageuka bila kuyeyuka. Yale matofali ya karibu na mdomo wa moto yanayoyeyuka na kugandana, nayo yana ndugu zake kwenye miamba, ile yenye mistari meupe iliyojikunja kama ugali uliokorogwa vibaya, hiyo ndo ilifika mahali pa kuanza kuyeyuka.

Tukija kwenye presha hapa ndo patamu. Wengi wanafikiri presha ni milima miwili kusukumana. Kusukumana kunalaza chembe na kuchora mistari sawa, lakini presha yenyewe kwa sehemu kubwa ni uzito tu wa miamba iliyokaa juu yako. Fundi tairi akikujazia gari dogo 30, hiyo ni kama bari 2 (bari ni kipimo cha presha). Eklojaiti ya Isimani ilibanwa karibu bari 18,000, yaani tairi lako mara elfu 9, na kupata huo uzito lazima ushuke kama kilomita 60 chini. Mlima mrefu kuliko yote duniani haufiki hata kilomita 9, kwa hiyo usitafute jibu kwenye milima, tafuta chini.

Na sasa ndo linakuja lile linalowachanganya hata waliosoma: kwamba ukijua kina umeshajua joto. Karibu na uso wa ardhi kweli joto linaongezeka kama nyuzijoto 25 hadi 30 kila kilomita, ukiendeleza hesabu hiyohiyo hadi kilomita 60 unapata zaidi ya 1,500, jiwe lingekuwa uji. Lakini ganeti za Isimani zinasema nyuzijoto 750 hivi. Kwa nini? Tumbukiza kiazi kwenye majivu ya moto ukitoe mapema, nje kimeungua ndani bado kibichi. Mwamba unapitisha joto taratibu mno, kwa hiyo bamba la ardhi (kipande kikubwa cha ganda la dunia) likizama haraka linafika chini likiwa bado la baridi. Kemia ya jiwe hilo nayo inafanana na basalti (jiwe jeusi la lava iliyoganda) ya sakafu ya bahari, maana yake bahari ilikuwepo na sakafu yake ikamezwa chini ya bara, miaka bilioni 2 nyuma, hapo Iringa. Ndo maana wataalamu wanalithamini kuliko rubi ya dalali wako.

Joto wanalisoma kwa kupima chuma na magnesiamu zilivyogawana kati ya ganeti na yale madini ya kijani, maana mgao unabadilika kwa joto. Presha wanaisoma kwenye sodiamu iliyobanwa ndani ya hayo ya kijani.

Kuna jamaa aliuliza swali zuri, kama lilipanda tena juu mbona halikurudi kuwa basalti? Tofali tena. Tofali bichi likinyeshewa linarudi tope, la kuchoma hata linyeshewe masika nzima halirudi. Miamba ikishafukuza maji yake huko chini, ikipanda inapoa na haina cha kuisaidia kubadilika. Inajaribu kidogo, ukiangalia vizuri utaona pete ya kijivu kuzunguka ganeti, hapo ilianza kugeuka ikaishia njiani.

Halafu milima ya Livingstone na Kipengere, urefu unaouona sio ule wa milima ya zamani. Ile ilishasuguliwa na mvua ikaisha zamani sana. Huu umenyanyuliwa na bonde la ufa, ndo maana ukisimama ukingoni Ziwa Nyasa unaliona liko chini kabisa wakati jiwe unalokanyaga ni kuukuu kuliko samaki yeyote.