Paka anayenyonyoka manyoya si lazima akuambukize

Tangu utotoni tunaambiwa: paka akianza kunyonyoka, mtupe, atawapa watoto mapunye. Paka wengi wametupwa jalalani kwa neno hilo, na inauma, maana mara nyingi chanzo ni viroboto. Paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto hujilamba na kujikuna mpaka kiuno, pale karibu na mkia, kinabaki kipara chenye vipele vidogo. Mzio huo hauhamii kwa mtu, ingawa viroboto wenyewe watakung'ata vifundoni.

Kinachoambukiza mapunye ni fangasi. Mpekue manyoya mwangani: ukiona baka la mviringo, magamba ya rangi ya jivu na nywele zilizokatika, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Dawa ipo. Paka mwingine hubeba fangasi bila alama yoyote, kwa hiyo jicho pekee halitoshi. Sungura na simbilisi nao wanaweza kuambukiza.

Na hili husahaulika: Afrika Mashariki, mapunye mengi ya watoto hutoka kwa watoto wenzao, kwa kuchangia vitana, kofia na mashine za kunyolea. Yakishaingia kichwani, mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Ya kupaka pekee haiyamalizi.