Je, wajua kwa nini Siku ya Dunia, ile ya kutetea mazingira, ni Aprili 22?

Kwa miaka mingi nililijibu swali hili bila kusita: ni siku aliyozaliwa Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya kikomunisti ya Urusi. Hesabu yenyewe inashawishi. Lenin alizaliwa Aprili 22, 1870, na Siku ya Dunia ya kwanza ikafanyika Marekani Aprili 22, 1970. Miaka 100 kamili! Sikuwa peke yangu. Wapo Wamarekani walioona humo mkono wa wakomunisti, na maafisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walikwenda kusikiliza baadhi ya mikutano.

Nilikosea. Mwenye wazo alikuwa Gaylord Nelson, seneta wa Wisconsin aliyewahi pia kuwa gavana wa jimbo hilo. Januari 1969 mafuta yalichafua bahari huko Santa Barbara, California. Nelson alipojionea uchafu ule, aliazima mbinu ya wapinzani wa vita vya Vietnam: kugeuza vyuo kuwa mabaraza ya mjadala kwa siku moja.

Siku ipi? Hapo fikiria kamati ya harusi. Mmoja anasema Ramadhani haiwezekani. Mwingine anakumbusha Januari watu wanahangaika na ada za shule. Wa tatu ameshapiga simu ukumbini, kumejaa. Kila anayefungua mdomo anafuta tarehe, mpaka inabaki ile ambayo hakuna aliyeipenda hasa, ila haina kikwazo. Walengwa wa Nelson walikuwa wanafunzi. Machi wengi wako likizo, Mei wako kwenye mitihani, na mapema Aprili kaskazini baridi haijaisha. Wikiendi chuo kinabaki kitupu. Ikabaki Jumatano, Aprili 22. Inasemekana walijitokeza watu milioni 20. Ni kadirio tu, maana hakuna aliyekaa mlangoni na daftari.

Na kama ni lazima apatikane mtu wa tarehe hiyo, yupo anayefaa zaidi: J. Sterling Morton, mwanzilishi wa Siku ya Kupanda Miti huko Nebraska, alizaliwa Aprili 22, 1832. Siku yake ya kwanza ya miti ilikuwa Aprili 10, 1872. Sasa, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, Lenin alizaliwa tarehe ngapi? Aprili 10. Hadi leo sijasikia mtu akiishuku miti ya Nebraska.