Je, Wajua Kwa Nini Kobe Hawezi Kutoka Ndani ya Gamba Lake?

Katuni nyingi humwonyesha kobe akivua gamba lake kama mtu avuavyo koti, na wapo watu wazima ambao hadi leo hulifikiria gamba hilo kuwa ni nyumba aliyoibeba mgongoni. Ukweli ni kwamba kobe hawezi kuliacha gamba lake kwa sababu gamba hilo ndizo mbavu zake.

Ukipata gamba la kobe aliyekufa zamani, lipindue utazame upande wa ndani. Katikati utaona pingili za uti wa mgongo zimeshikamana na paa la gamba, na kutoka kwenye pingili hizo mbavu zimetanda kushoto na kulia, zikapanuka na kuungana hata huoni nafasi kati ya ubavu mmoja na mwingine. Gamba la juu lina mifupa ipatayo 50, na yale mapande yanayong'aa kwa nje ni tabaka jembamba tu la keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu. Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni mabega: mfupa wa bega wa binadamu hukaa nje ya mbavu, ilhali wa kobe umo ndani yake. Mabaki ya kasa wa kale aitwaye Odontochelys, yaliyopatikana China na kuelezwa na wanasayansi mwaka 2008, yana umri wa miaka ipatayo milioni 220, nayo yanaonyesha mnyama aliyekuwa katikati ya safari ya mbavu kugeuka kuwa gamba: gamba la tumboni limekamilika, ila mgongoni pana mbavu pana ambazo bado hazijaungana.

Ulinzi anaoupata kobe kwa gamba hilo haukuja bure. Sisi huvuta pumzi kwa kutanua mbavu; kobe, ambaye mbavu zake hazisogei hata kidogo, hutegemea misuli iliyo ndani ya gamba, ambayo husukuma na kuachia viungo vya tumboni ili mapafu yabanwe kisha yatanuke.

Nyoka ni kinyume chake kabisa. Binadamu ana jozi 12 za mbavu, lakini nyoka wengi wana pingili kati ya 200 na 400, na karibu kila pingili ya kiwiliwili ina jozi yake. Hana kidari, ule mfupa unaozifunga mbavu zetu kifuani, hivyo ncha za chini za mbavu zake ziko huru, na ndiyo maana chatu huweza kumeza windo nene kuliko mwili wake, mbavu zikifunguka kulipisha. Lakini anapojizungusha kulibana windo, yeye mwenyewe hupumuaje? Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu nyoka aina ya boa ulionyesha kwamba mbavu za sehemu moja zikibanwa, nyoka huyo huhamishia kazi ya kupumua kwenye mbavu za sehemu nyingine. Swila naye hutandaza mbavu ndefu za shingoni ili kumtisha adui.

Katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki wamo mijusi wa jenasi ya Draco, ambao mbavu zao kadhaa zimerefuka na kuvikwa utando wa ngozi. Mjusi huyo akiruka huzifungua kama mwavuli, akaelea hadi mti mwingine, na akishatua huzikunja.

Mamba ana mbavu zinazosogea, na tumboni ana vifupa vyembamba visivyoungana na uti wa mgongo. Hata hivyo, msaada wake mkubwa katika kupumua ni msuli unaoliunganisha ini na nyonga: msuli ukijivuta, ini hurudi nyuma kama pistoni na mapafu hupata nafasi ya kujaa hewa. Majaribio yaliyofanywa kwa aligeta wa Marekani, jamaa wa mamba, yalionyesha kwamba msuli huo una kazi ya pili. Anapotaka kupiga mbizi, huyavuta mapafu yaliyojaa hewa kuelekea mkiani, kichwa na kifua vikawa vizito kuliko nyuma, akazama bila kurusha maji.