Vyuma vizito havimfanyi mkimbiaji kuwa mzito

Wiki iliyopita nimeisikia tena, mara ya nne mwezi huu: "Kocha, mimi nataka kasi, sitaki mwili wa baunsa. Nipe vyuma vyepesi tu." Aliyesema ni dada mmoja anayefanya kazi ofisini hapa Kampala. Anakimbia kilomita 5 kwa dakika 29, na amekwama hapo tangu mwaka jana. Si mvivu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko barabarani, kabla magari hayajaanza kubanana. Ndiyo maana dhana hii inaniuma: inawakwamisha watu wenye bidii.

Nikamwomba anionyeshe anavyofanya. Akachukua chuma kitupu, kilo 20, akakiweka mabegani, akachuchumaa mara 30 huku akinisimulia habari za kazini. Mzigo unaokuacha upige soga haukuongezei nguvu. Katika kilomita 5 miguu yake inagonga ardhi zaidi ya mara 4,000, kwa hiyo marudio mengi mepesi anayo tele. Anachokosa ni nguvu, na nguvu haiji kwa kurudia kitu chepesi mpaka uchoke.

Tazama mguu wenyewe. Ukikimbia mwendo wa kawaida, unyayo unakaa chini kama robo ya sekunde, mara nyingi pungufu ya hapo. Katika muda huo mfupi unaisukuma ardhi kwa nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na kwa mguu mmoja. Ukiongeza kasi, muda unapungua zaidi. Wakimbiaji wa mita 100 wanabaki na kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Basi kasi inategemea unasukuma kwa nguvu kiasi gani kabla mguu haujaondoka. Chuma kizito kwa marudio machache kinaufundisha mfumo wa fahamu kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja. Kwa sababu hiyo watu huongeza nguvu wiki za mwanzo kabla msuli haujanenepa hata kidogo. Kano za kisigino nazo hukaza. Mpira uliojaa upepo unaruka ukigonga chini, uliolegea unabaki palepale. Kano ni hivyohivyo. Mkimbiaji mwenye nguvu hutumia oksijeni pungufu kwa mwendo uleule.

Na huo mwili wa baunsa? Wanaoutafuta wanafanya seti nyingi sana, siku nne au tano kwa wiki, wanakula kupita wanachotumia, na bado unawachukua miaka. Mtu anayekimbia kilomita 30 kwa wiki na kunyanyua mara mbili hawezi kuupata kwa bahati mbaya. Mbio zenyewe zinapunguza kasi ya msuli kunenepa. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, alianza na hofu hiyohiyo akiwa na kilo 68. Baada ya wiki 12 alikuwa anachuchumaa na kilo 75 badala ya 40, na mizani ilisoma 68 na nusu. Kilomita 5 zake zilishuka kutoka dakika 26 na sekunde 40 hadi 25 na sekunde 10. Sitasema ni vyuma peke yake, maana mbio zake pia tulizipanga upya. Lakini unene alioogopa haukuja.

Ninachowapa ni hiki: siku mbili kwa wiki, kuchuchumaa na chuma, kuinua chuma kutoka sakafuni, kupanda kisanduku kwa mguu mmoja, na kunyanyua visigino. Seti 3 au 4, marudio 4 hadi 6, kupumzika dakika 3 nzima kati ya seti. Uzito uwe ule ambao ukimaliza rudio la mwisho ungeweza kuongeza moja au mawili, si zaidi. Mgeni wa vyuma atumie mwezi wa kwanza kujifunza mkao kwa mzigo mdogo, halafu apande taratibu. Na tafadhali msiruke visigino. Shavu la mguu ndilo linalobeba kazi kubwa ya kukimbia, na ndilo watu wanalisahau kuliko vyote.

Sisi Uganda tusingepaswa hata kubishana juu ya hili. John Akii-Bua, askari polisi, alipochukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza kushuka chini ya 48, alikuwa amefanya mazoezi akiwa amevaa fulana yenye uzito. Mzigo haukumfanya mzito.

Dhana nyingine potofu nazisema kwa kifupi.

Kuvaa sweta mbili au kaveera (mfuko wa plastiki) tumboni ili "kuyeyusha mafuta": unachopoteza ni maji, na yanarudi ukinywa chupa mbili. Mwili unashindwa kupoa, unakimbia polepole, na jua la saa saba linaweza kukuangusha kabisa. Vua.

"Nisipoumwa kesho yake, sikufanya mazoezi." Maumivu ya siku ya pili na ya tatu ni dalili kwamba msuli umefanya kazi usiyoizoea, si kipimo cha maendeleo. Wala hayatokani na asidi ya laktiki, ile inayojikusanya kwenye misuli ukikimbia kwa nguvu. Hiyo huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi.

Kukimbia kwa nguvu zote kila siku. Hapa huwa napandisha sauti. Sehemu kubwa ya kilomita zako ziwe za mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima. Mazoezi makali mara moja au mbili kwa wiki yanatosha, tena yanakuwa makali kweli kwa sababu miguu imepumzika.

"Cheptegei kazaliwa nayo, sisi wa Kampala hatuwezi." Hakuna anayekuomba ukimbie mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35 kama Joshua Cheptegei, bingwa wetu wa mbio ndefu. Anatoka Kapchorwa, kwenye miinuko, na ana miaka mingi ya mazoezi nyuma yake. Kutoka dakika 29 hadi 27 hakuhitaji Kapchorwa.

Kunachohitaji ni kilima, na Kampala imejaa vilima. Mimi napenda Naguru. Ukishazoea vyuma kwa wiki sita, pasha mwili moto dakika 15, halafu panda mbio sekunde 10 kwa nguvu zote, shuka ukitembea, pumzika mpaka pumzi irudi kabisa. Rudia mara sita. Ukiona mpando wa nne umekuwa wa polepole kuliko wa kwanza, usimalizie sita. Shuka, nenda kanywe chai.