Mafuta ya mwili hayatokei chooni

"Nakunywa usiku, asubuhi mafuta yote yanashuka." Maneno haya yanafika dirisha la dawa wiki baada ya wiki, na huzidi pesa ya korosho ikishaingia na harusi za mwisho wa mwaka zikikaribia. Anayeyasema ameshika pakti ya chai, au picha yake kwenye simu, na chini ya picha pameandikwa "toa nyama uzembe, kilo 5 kwa siku 7". Ushahidi aliopewa ni mmoja tu: utaona mwenyewe chooni.

Anachokiona chooni si mafuta. Lazima lisemwe wazi, kwa sababu biashara nzima ya kupungua, ya majani, ya vidonge na sasa ya sindano, inasimama kwa mteja kutouliza kilichopungua ni nini.

Mafuta ya mwili yamehifadhiwa ndani ya seli, chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumboni. Hayamo ndani ya utumbo, na hakuna njia ya kuyatoa kwenye seli hizo kuyapeleka kwenye haja kubwa. Mwili ukiyahitaji huyavunja na kuyaingiza kwenye damu, misuli na viungo vingine vikayachoma kwa oksijeni, na mabaki yake ni kaboni dayoksaidi na maji. Katika kilo 10 za mafuta zilizochomwa, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi, na kilo 1.6 hutoka kama maji ya mkojo, jasho na mvuke. Mtu anapungua kupitia mapafu. (Kuhema kwa makusudi hakusaidii, pumzi hubeba tu kile ambacho mwili umeshachoma.)

Sasa pasua kifuko kimoja cha hiyo chai, umwage kilichomo kwenye sahani nyeupe. Mara nyingi utaona vipande vya majani membamba ya kijani kilichofifia, na pengine vipande vya maganda bapa, makavu kama karatasi. Hiyo ni sanamaki. Watu wa pwani wanaijua kama dawa ya aliyefunga choo, na kwa kazi hiyo, kwa siku chache, ni dawa nzuri. Kwenye pakti za kutoka nje huandikwa Senna au Cassia, na mara nyingi jina hilo limefichwa mwishoni mwa orodha, kwa herufi ndogo.

Sanamaki hupita utumbo mwembamba bila kufanya lolote. Ikifika utumbo mpana, bakteria wa huko huivunja, na ndipo inapousukuma utumbo ubane kwa nguvu na uache kunyonya maji. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12, ndiyo maana maelekezo husema unywe kabla ya kulala. Wakati huo ugali, samaki na tui ulivyokula saa 2 usiku vinanyonywa kwenye utumbo mwembamba, ambako sanamaki haina kazi. Kinachofukuzwa asubuhi ni maji, chumvi, na makapi ambayo yangetoka hata hivyo. Watafiti walilipima jambo hili mwaka 1983: dawa za kuharisha zilizotoa lita 4 hadi 6 za choo cha maji zilipunguza nishati iliyonyonywa kwa asilimia 12 hivi tu.

Lakini mzani unashuka, na hapo ndipo mabishano huanza. Ni kweli unashuka. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mzani hautofautishi. Piga hesabu ya lile tangazo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori takribani 7,700, kwa hiyo kilo 5 ni kalori 38,500. Ukizigawa kwa siku 7 unapata pengo la kalori 5,500 kila siku. Mwanamke wa kawaida hutumia kalori kama 2,000 kwa siku nzima, akifua, akipika na kutembea. Hata akifunga wiki nzima bila kutia kitu kinywani, hafikii nusu ya hilo pengo. Kwa hiyo tangazo la kilo 5 kwa siku 7, la dawa yoyote ile, linazungumzia maji. Huhitaji uthibitisho mwingine wa kumjua muuzaji.

Na maji hayo hayatoki peke yake. Hutoka na potasiamu, ambayo kawaida yake kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Ikishuka, miguu hulegea na misuli hukaza. Ikifika chini ya 2.5, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika ghafla. Mwenye presha anayemeza Lasix au kidonge kingine cha kukojoza anapoteza potasiamu kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Mwenye kisukari anayeharisha huku akimeza metformini yuko mahali pabaya, kwa sababu figo zilizokosa maji hushindwa kuitoa dawa hiyo mwilini, na akimeza glibenklamidi bila kula vizuri, sukari inaweza kuporomoka. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba kuharisha sana kwa zaidi ya saa 24 kunahesabiwa kama kusahau kidonge. Kuna mimba zinazopatikana kwa njia hiyo. Na baada ya wiki kadhaa utumbo huzoea: kifuko kimoja hakitoshi, vinakuwa viwili, halafu choo hakiji kabisa bila chai.

"Natoa uchafu uliogandana tumboni." Hakuna uchafu wa miaka uliogandana. Ngozi ya ndani ya utumbo hujivua na kuota upya kila baada ya siku chache, na kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, ambazo hiyo chai inazitesa.

Kuna dawa moja ambayo kweli huonyesha mafuta chooni, nayo huzidisha mkanganyiko. Orlistati, kidonge cha miligramu 120 kinachomezwa mara 3 kwa siku pamoja na mlo, huzuia karibu asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasinyonywe. Yale matone ya rangi ya chungwa yanayoelea ni mafuta ya chakula chako cha jana. Hayakutoka kwenye kitambi. Kwa mlaji wa wali wa nazi na mchuzi wa tui zito, mafuta huvuja hata kwenye nguo bila taarifa, na hilo halisemwi na wauzaji. Faida yake kwenye majaribio ilikuwa kilo 3 hivi kwa mwaka, zaidi ya waliobadili chakula tu. Inazuia pia vitamini A, D, E na K. Anayeitumia ameze multivitamini wakati wa kulala, mbali na kidonge. Anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila daktari wake kujua.

"Hii ni ya asili, haina kemikali." Sanamaki ni ya asili na umeona inachofanya. Lakini hatari kubwa zaidi imo kwenye vidonge vinavyoitwa vya mitishamba ambavyo vimetiwa dawa ya kiwandani kwa siri. Inayokamatwa mara nyingi duniani ni sibutramini. Iliwahi kuwa dawa halali ya kupunguza unene, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya jaribio kubwa la watu wapatao 10,000, wenye maradhi ya moyo na mishipa au kisukari, kuonyesha kwamba matukio makubwa ya moyo na mishipa, yakiwemo mshtuko wa moyo na kiharusi, yaliongezeka kwa asilimia 16. Huwezi kuiona wala kuionja. Hugunduliwa kwa kupimwa maabara tu. Dalili zake ndizo zinazosifiwa kwenye mirejesho ya WhatsApp: "njaa imekata kabisa", "silali, nina nguvu". Majani makavu hayakati njaa ndani ya siku moja. Ukimeza kidonge cha "asili" na mdomo ukakauka, moyo ukaenda mbio, usingizi ukapotea na presha ikapanda, acha siku hiyo hiyo na utunze kopo.

Kabla ya kununua, tafuta jina la dawa kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa ambayo TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, huiweka kwenye tovuti yao, au waulize kwenye ofisi yao ya kanda hapa Mtwara. Anayejiita mganga aonyeshe cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayeuza kwa namba ya simu tu, bila duka wala jina, hana wa kumwajibisha figo zikifeli.

Sindano ni habari nyingine, na zinastahili kusemwa kwa haki. Semaglutidi, iliyomo kwenye Ozempic na Wegovy, ni dawa ya kweli. Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa kisukari cha aina ya 2, na Wegovy mwaka 2021 kwa unene. Katika jaribio la watu 1,961 lililochukua wiki 68, waliodungwa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito, na waliopewa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Hapa mafuta yanapungua kweli, kwa sababu mtu anakula kidogo. Lakini misuli nayo inapungua, na anayeitumia bila kula dagaa, samaki, kunde au mbaazi za kutosha na bila kufanya kazi ya nguvu atapoteza misuli mingi zaidi.

Uongo unaouzwa nayo ni "dozi ya mwezi mmoja, unamaliza, basi". Mwezi wa kwanza ni miligramu 0.25 kwa wiki, na lengo lake ni kulizoesha tumbo tu. Kutoka hapo hupandishwa kila baada ya wiki 4: 0.5, 1, 1.7, mpaka 2.4. Anayeruka ngazi anaweza kutapika mpaka aongezewe maji kwa dripu. Na walioacha baada ya zile wiki 68, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha thuluthi mbili za kilo walizopoteza. Ni matibabu ya muda mrefu kama ya presha, na bei yake ihesabiwe kwa miaka. Ina hatari ya mawe kwenye nyongo na kuvimba kwa kongosho. Aliye na saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, au iliyo kwenye ukoo wake, asiitumie, na anayetaka kushika mimba aiache miezi 2 kabla.

Kisha kuna joto. Sindano hizi huja kwenye kalamu, kifaa cha kujidungia chenye dawa ndani. Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hutupwa. Sasa fikiria kifurushi kilichowekwa kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, mwezi wa Novemba. Kinachofika Mtwara kinaweza kuwa maji ya bei kubwa. Afadhali hiyo kuliko kalamu bandia: Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutidi bandia iliyokutwa Brazil, Uingereza na Marekani, na Austria mwaka 2023 watu walilazwa kwa sukari kushuka, ikishukiwa kwamba kalamu zao zilikuwa na insulini. Na wale wanaochanga wanne kununua kalamu moja na kubadilisha sindano tu, waache. Damu hurudi kidogo ndani ya kalamu. VVU na homa ya ini B hupita hapo.

"Ingekuwa mbaya isingeidhinishwa." Fenfluramini iliidhinishwa, ikaondolewa 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Rimonabanti iliondolewa 2008 kwa msongo wa akili na mawazo ya kujiua, lorkaserini 2020 kwa hofu ya saratani. Dawa za kupungua zina historia mbaya kuliko kundi karibu lolote, na anayekuuzia hakutajii.

Ndimu na maji ya moto haviyeyushi kitu, vinakula meno. Mkanda wa kubana tumbo hutoa jasho.

Anayetaka kujua kama mafuta yanapungua aache mzani mwezi mzima, atumie futi ya fundi cherehani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, futi ikiwa usawa, mwisho wa kutoa pumzi, asubuhi kabla ya kula. Kwa mwanamke hatari huanza sentimita 80 na huwa kubwa 88. Kwa mwanamume 94 na 102. Pima kila baada ya wiki 2. Na hesabu vinavyoingia bila kuonekana: soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko 9 vya chai hivi, na gramu 200 za korosho, zinazoisha kwenye maongezi ya barazani, zina kalori zaidi ya 1,100.

Aliyekuwa akinywa chai hizo kila siku na sasa anaacha, choo kinaweza kukaa siku kadhaa na mzani ukapanda kilo 1 hadi 3. Ni maji yanayorudi mahali pake. Kunywa maji ya kutosha, kula kisamvu, mbaazi na papai, usirudie kifuko. Lakini ukisikia moyo unaruka, miguu haina nguvu, kizunguzungu cha kuanguka, au mkojo umekuwa kidogo na mweusi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, au hospitali za Ligula (Mtwara) na Sokoine (Lindi) kwa walio karibu, upimwe potasiamu, figo na mapigo ya moyo. Beba na pakti yenyewe, hata kama ni tupu, ili daktari ajue anatafuta nini.